Daftari la Wiki: Mwewe, Godoro la Nne kwa Sita na Gitaa la Rithimu

Mwewe wa Kawangware 56 wamekuwa mabingwa. Jumanne jioni mmoja alishuka kutoka kwenye nyaya za stima, akapita katikati ya watu wawili waliokuwa wakingoja mutura, akanyakua kipande juu ya ubao na kupaa kabla muuzaji hajainua kisu. Watu walipiga mayowe. Rafiki yetu fundi wa redio aliuliza swali moja tu: mdomo wake ulikuwa wa manjano au mweusi?

Swali hilo lilitushika hadi usiku. Mwewe wa huku kwetu akishakomaa huwa na mdomo wa manjano kabisa. Wale wanaokimbia baridi ya Ulaya na Asia na kuja kwetu kwa miezi kadhaa wana mdomo mweusi. Kwa hiyo ukiutazama mdomo vizuri, unaweza kujua kama aliyekula mutura yako ni mwenyeji au mgeni. Hakuna aliyekuwa ameutazama. Tangu Jumanne watu watatu katika kundi letu wanatembea wakiwa wameinua vichwa, na mimi nafurahi sana kuona hivyo.

Kwa wasiojua: kila Jumatano asubuhi kuna matembezi ya kutazama ndege yanayoanzia Makumbusho ya Taifa ya Nairobi. Fleur Ng'weno aliyaanzisha mwaka 1971, na chama kinachoyaandaa, Nature Kenya, kilizaliwa 1909. Wengine hulalamika kwamba Jumatano ni siku ya kazi. Lakini anayeishi kwa kibarua cha siku huwa na Jumatano nyingi asizoitwa popote, na kuziacha zipite akiwa amekaa steji ni hasara. Ombi langu kwao: siku moja matembezi yaanzie Gatina, huku kwetu Kawangware. Ndege tunao.

*

Nauli ya matatu hupanda wingu likikusanyika tu, kabla ya tone la kwanza. Iandikwe mlangoni, kwa rangi, ya kiangazi na ya mvua, abiria aisome kabla ya kupanda.

*

Jumamosi tulikuwa Makina, Kibera, nyumbani kwa rafiki yetu Mnubi ambaye mama yake hamruhusu mgeni kuondoka bila chai. Kijana mmoja akasoma kwenye simu kwamba Kibera ina watu milioni moja. Fundi cherehani akasema ni milioni moja na nusu, amesikia hivyo tangu utotoni. Mwalimu wa kundi letu akaomba kalamu.

Kibera ina ukubwa wa takriban kilomita mraba mbili na nusu. Hizo ni mita mraba milioni mbili na laki tano. Gawia watu milioni moja, kila mtu anapata mita mraba mbili na nusu. Pale ukutani palikuwa pameegemezwa godoro la nne kwa sita. Fundi cherehani akatoa utepe wake shingoni, akalipima, na Mwalimu akageuza futi kuwa mita mraba: 2.2. Tukalitazama lile godoro kimya. Kama ile milioni ni kweli, basi kila mkazi wa Kibera, kuanzia mtoto aliyezaliwa jana hadi nyanya wa miaka themanini, amepewa ardhi ya godoro moja na ukingo mwembamba pembeni. Halafu kutoka kwenye magodoro hayo hayo toa reli, mto, vichochoro vyote, misikiti, makanisa, shule, vioski, vyoo na uwanja wa Kamukunji. Na nyumba zetu nyingi hazina ghorofa. Watu hao wangelala wapi?

Sensa ya 2009 ilihesabu watu 170,070. Matokeo yalipotoka mwaka uliofuata, ubishi ulikuwa mkali: wengine walisema serikali imetupunguza makusudi, wengine wakasema mashirika yalikuwa yametuongeza makusudi kwa miaka mingi. Mtafiti Mwitaliano Stefano Marras na wenzake walipiga hodi mlango kwa mlango katika kijiji cha Kianda, wakapanua hesabu yao, wakafikia kati ya 235,000 na 270,000. Sensa ya 2019 ilipata 185,777 katika kaunti ndogo nzima ya Kibra.

Mimi siamini kwamba sensa humnasa kila mtu. Kuna bawabu anayelinda lango la watu usiku kucha, kuna anayelala huku wiki mbili na ushago wiki mbili, kuna mwenye sababu zake za kutofungua mlango. Hata hivyo, kwa godoro lile na utepe ule, ukweli uko karibu zaidi na laki mbili kuliko milioni, na nimechoka kusikia ile milioni ikitangazwa kila mgeni anapofika.

Sababu yangu ni hii. Ukisema milioni moja, vyoo mia moja vinaonekana tone baharini, na hakuna atakayeulizwa kwa nini havitoshi. Kazi inakuwa kubwa hata inakosa mwenyewe. Lakini ukisema watu laki moja na sabini elfu, umetaja mji wa ukubwa wa Kitale. Hakuna ofisa anayesimama jukwaani kusema kwamba haiwezekani kupeleka maji Kitale. Idadi ndogo inamkamata mtu shati. Inamlazimisha kuhesabu mifereji, walimu na vitanda vya hospitali, kisha kueleza vilivyopungua vilikwenda wapi. Ile milioni huwasaidia wanaotaka kushangaa, na tumeshangaliwa vya kutosha.

Mwaka ule ule wa sensa ya 2009, vijana wa Kibera walizunguka vijiji vyote wakiwa na vifaa vya GPS mkononi. Ramani nyingi kabla ya hapo zilikuwa na doa tupu mahali tunapoishi, wakati treni inapita katikati na kila mtu mjini anajua pa kushukia. Erica Hagen na Mikel Maron walianzisha mradi wa Map Kibera pamoja nao, na kazi yote ikaingizwa katika OpenStreetMap, ramani huria ambayo mtu yeyote duniani anaweza kuifungua na kuirekebisha. Wakaweka visima, vyoo, zahanati, shule na njia. Kijiji cha Lindi kikapata mipaka, Silanga ikapata mipaka, Soweto ikapata mipaka. Mmoja wa wale tunaokunywa nao chai hurekebisha ramani hiyo mpaka leo, usiku, kwa simu iliyopasuka kioo. Kioski kikihama anakihamisha. Halipwi na mtu. Ukimwuliza sababu anasema hapendi kitu kikae mahali kisipo.

Mama mwenye nyumba alikuwa akitusikiliza akiwa na birika mkononi. Akasema Wanubi nao wana hesabu zao mbili ambazo kila mtoto wao anazijua kabla ya kujua kusoma: ekari 4,197 zilizotengwa enzi ya mkoloni kwa ajili ya wanajeshi wa Kinubi na familia zao, na ekari 288 zilizoandikwa kwenye hati waliyokabidhiwa mwaka 2017. Alizitaja zote mbili polepole, akamimina chai. Baada ya hapo hakuna aliyerudi kwenye ubishi wa milioni.

*

Penalti za Madagascar zilizotutoa mashindanoni: bado zinauma.

*

Tumekuwa na mjadala mwingine, huu wa raha tupu. Ni gitaa gani linalobeba "Sina Makosa" ya Les Wanyika? Wengi wetu walitaja solo la John Ngereza, na ni haki yao, kwa sababu ndilo sikio hulishika kwanza. Rafiki yetu mpenzi wa santuri, ambaye alifanya kazi ya matatu miaka mingi na bado sauti yake ni ya mlangoni, alisimama akakataa. Alitutaka tusikilize gitaa la rithimu la Omar Shabani, yule waliyemwita Professor, ambaye ndiye aliyeutunga wimbo wenyewe. Tukasikiliza tena, safari hii bila kumfuata mwimbaji. Ni kweli. Lile gitaa linazunguka mahali pamoja kwa upole usiochoka, besi ya Tom Malanga inajibu chini yake, na solo linapata mahali pa kukanyaga. Ukiliondoa, wimbo unaanguka.

Wengi wa hawa ni wanamuziki waliotoka Simba Wanyika mwaka 1978 na kuanzisha bendi yao hapa Nairobi. Wengi wao walikuwa watoto wa Tanzania, na huu mji uliwapa studio, mashabiki na pa kulala. Anayetaka kuwasikia walivyokusudiwa kusikika aende Kenyatta Market, kwa Jimmy Rugami, anayejulikana kama Real Vinyl Guru, ambaye ametunza santuri miaka ambayo wengine walikuwa wakizitupa jalalani. Ni mwendo wa miguu kutoka Kibera. Santuri nyingi ndogo za wakati ule ziliukata wimbo katikati: sehemu ya kwanza upande mmoja, ya pili upande wa nyuma. Yaani ulipofika pale magitaa yanapochemka, ilibidi mtu ainuke kugeuza. Yule wa santuri anasisitiza kwamba kungoja huko kulikuwa sehemu ya muziki, na kwamba watoto wa siku hizi wamenyimwa. Nakubaliana naye kabisa.

*

Mchezaji wa drafti akifikiri, mwacheni afikiri. Msimnong'onezee, msikohoe, msiguse vizibo. Yule msukuma mkokoteni wa maji anayewashinda wote pale karibu na gereji ana haki ya kimya kama mchezaji yeyote wa sataranji mwenye suti.

*

Bwawa la Nairobi lilijengwa 1953. Wazee wa Kibera waliona mashua za tanga pale, za klabu, Jumapili, zikigeuka na upepo. Rafiki yetu mmoja alikwenda wiki hii kutafuta ndege wa majini baada ya ile habari ya mwewe. Alirudi mapema. Gugumaji limefunika, taka zimefunika gugumaji, na mto Motoine unaendelea kuleta nyingine. Alisema alimwona korongo mmoja amesimama juu ya majani pale maji yalipopaswa kuwa. Hakutaka kueleza zaidi, na sisi hatukumlazimisha.

Nina hasira na jambo hili. Bwawa hilo limepita mikononi mwa mkoloni na serikali zote zilizofuata, na kila moja ilikuwa na ofisi inayohusika na maji.

*

Kila mgeni anayekuja mitaa hii na daftari huuliza tunakosa nini. Ni swali la haki, na jibu lake ni refu. Lakini sijawahi kumsikia hata mmoja akiuliza tunapenda nini. Mtu anayejua midomo ya mwewe, mtu anayehamisha kioski kwenye ramani usiku wa manane, mtu anayetofautisha rithimu na solo kwa sekunde mbili: hao wamo humu na wana mengi ya kusema. Waulizeni. Mtakaa hadi chai iishe.

*

Watoto wa Kibera wanacheza baleti, na wanacheza vizuri. Mwalimu wao Mike Wamaya alifika kumi bora ya tuzo ya mwalimu bora duniani mwaka 2017. Bado nakutana na watu wa Nairobi wasiojua hilo, wanaoishi umbali wa nauli moja.

*

Uwanja wa Talanta pale Jamhuri utakuwa na viti 60,000. Upande mmoja ni Kibera, na ukivuka Barabara ya Ngong kupitia Barabara ya Naivasha uko Kawangware. Mitaa yetu miwili iko jirani kabisa na Kombe la Afrika la 2027. Katika kundi letu swali si nani atashinda. Swali ni kama mama wa chapati na yule wa mayai boilo wataruhusiwa kuuza karibu na lango, au watafukuzwa na askari siku ya kwanza kwa sababu kamera zimekuja. Nataka jibu mapema, kwa maandishi. Shabiki wa Senegal anastahili kula chapo ya Kawangware ikiwa moto, na aliyeisukuma anastahili kulipwa.

*

Mnakumbuka Jumapili ile ya tarehe 7 Septemba 2025, mwezi ulipopatwa kwetu sote? Kuanzia saa mbili u nusu usiku hadi karibu saa nne ulikuwa umezama kabisa katika kivuli cha dunia, na rangi yake nyekundu ilitokana na mwanga wa jua uliopinda kupitia hewa inayotuzunguka. Kuna mtoto kijijini Gatwekera anayesimulia usiku huo mpaka leo.

Sasa jiandaeni kwa jua. Jumatatu tarehe 2 Agosti 2027 litapatwa. Luxor kule Misri watapata giza kamili kwa zaidi ya dakika sita; sisi tutaliona likimegwa sehemu tu, na inatosha. Fundi wa redio ameshachora mpango wake. Nawasihi wazazi: filamu ya eksirei haifai, kioo kilichofukizwa moshi hakifai, miwani ya jua ya mitumba haifai, na jicho likiungua halirudi. Njia salama isiyohitaji hela ni katoni. Toboa tundu dogo la sindano upande mmoja, bandika karatasi nyeupe upande wa pili ndani, acha nafasi ya kuchungulia, lipe jua mgongo na utazame picha yake kwenye karatasi. Fundi anataka kila mtoto wa shule mbili za jirani awe na yake. Wenye katoni za viatu pale soko la Toi, msizichome wala kuzitupa. Tutazipitia kila Jumamosi jioni, na tutalipa.