Watoto wa Kilifi wamepimwa vya kutosha, sasa wasomi wa lishe watupe jibu

Ripoti ya kitaifa ya afya na idadi ya watu, KDHS, ya mwaka 2022 ina takwimu mbili ambazo kila mkaazi wa Pwani anafaa kuzijua. Kilifi ndiyo iliyoongoza nchini kwa udumavu: watoto 37 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Kisii, pamoja na Garissa, ndizo zilizokuwa na udumavu wa chini zaidi, asilimia 9.

Kinachouma zaidi ni mwendo wetu. Mwaka 2014 udumavu nchini ulikuwa asilimia 26, na kufikia 2022 ulikuwa umeshuka hadi 18. Kilifi ilitoka 39 hadi 37. Wenzetu wamepiga hatua, sisi tumesogeza kidole.

Naandika haya nikiwa na miguu pande zote mbili. Nilizaliwa Kebirigo, kaunti ya Nyamira, jirani kabisa na Kisii, na sasa nasomea shahada ya uzamili ya lishe ya afya ya jamii. Utafiti wangu nafanyia huku Kilifi. Si mimi peke yangu. Kila mwaka wanafunzi huja na mizani, ubao wa kupimia urefu na utepe wa kupimia mkono wa mtoto. Akina mama hupanga foleni, maswali huulizwa, tasnifu huandikwa na kufungiwa maktabani. Isitoshe, kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome Trust kiko mjini Kilifi tangu 1989. Hatuwezi kusema kaunti hii haijulikani.

Tatizo ni aina ya swali tunalofundishwa kuuliza. Mara nyingi tunapima "ujuzi wa mama kuhusu lishe bora", tunakuta pengo, kisha tunapendekeza mafunzo zaidi. Hitimisho hilo ni rahisi kuandika na halimgharimu mkubwa yeyote.

Hebu tuitazame Kebirigo. Je, akina mama wa kule wana ujuzi kuliko mama wa Ganze au Magarini? Sidhani. Mama wa Ganze anajua kunde, mchicha na mchunga kama vile mama wa Kebirigo anavyojua saga na managu. Tofauti iko kwingine. Kebirigo mvua hunyesha misimu yote miwili, na mboga huota nyuma ya nyumba. Ndizi ziko shambani, na familia nyingi zina ng'ombe wa maziwa hata kama ni mmoja. Wakulima wa chai wanaopeleka majani katika kiwanda cha KTDA hulipwa kila mwezi, kisha hupata bonasi mara moja kwa mwaka. Pesa hizo ni kidogo na wakulima hulalamika, tena kwa haki. Lakini mama anajua kuna siku ya malipo.

Ganze mvua ikikosa, vyote hukosa kwa pamoja: mboga, maziwa, maji na kibarua. Kati ya 2020 na 2022 mvua ilikosa msimu baada ya msimu, na Kilifi ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizoathirika. Mama anayetembea saa nzima kutafuta maji, kisha akamwachia mtoto mchanga dada yake wa miaka minane, hahitaji semina ya makundi ya chakula. Anahitaji maji karibu na nyumba.

Sisemi Kebirigo ni peponi. Mashamba yamegawanywa kwa wana na wajukuu hadi yamekuwa vipande, na chai imechukua sehemu iliyokuwa ya wimbi na mboga. Na nchini kote kuna tatizo jipya la uzani kupita kiasi, hasa kwa wanawake, linaloleta kisukari na presha. Mtoto kukua vizuri leo si hakikisho la afya ya kesho.

Lakini historia inatufunza. Zamani rovu lilikuwa ugonjwa wa kawaida katika sehemu za nyanda za juu, kwa sababu udongo hauna madini ya joto ya kutosha. Mwaka 1978 sheria ikataka chumvi itiwe madini hayo. Sehemu kubwa ya chumvi ya Kenya hutoka hapa kwetu, Gongoni na kandokando yake. Kwa hivyo, Magarini imesaidia kulinda shingo za watu wa bara, na hakuna mama aliyeitwa kwenye mafunzo. Serikali ilibadilisha kilichomo ndani ya pakiti. Hiyo ndiyo lishe ya afya ya jamii.

Sasa basi, tufanye nini? Kwanza, kila tasnifu inayoandikwa kuhusu watoto wa Kilifi irudishwe kwa wadi ilikotoka, isomwe kwa Kiswahili au Kigiriama mbele ya waliopimwa. Pili, vyuo viwatume wanafunzi wakachunguze pia kule watoto wanakokua vizuri, ili tujue ni kipi kati ya maji, maziwa, mapato na kliniki kinachobeba mzigo mkubwa. Tatu, kaunti iajiri wataalamu wa lishe na kuwapa sauti katika bajeti ya maji na kilimo, badala ya kuwafungia kliniki wakigawa vyakula tiba. Marekani iliposimamisha misaada mapema 2025, tuliona hatari ya kutegemea mfuko wa mtu mwingine.

Ibara ya 43 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa na kupata chakula cha kutosha chenye ubora. Afya iligatuliwa tangu 2013, kwa hivyo lawama zote haziwezi kupelekwa Nairobi. Bajeti ya kaunti itakaposomwa tena, ndugu msomaji, usiishie kuuliza lishe imetengewa pesa ngapi. Uliza pia ni vijiji vingapi vya Ganze na Magarini vitakavyopata maji mwaka huo. Jibu la swali hilo la pili litakueleza mengi kuhusu urefu wa watoto watakaopimwa miaka mitano ijayo.