MWANZA BAADA YA DARAJA

Tangu tarehe 19 Juni, 2025, mtu atokaye Sengerema kwenda Mwanza hangojei tena kivuko. Siku hiyo Rais Samia Suluhu Hassan alilifungua Daraja la Kigongo–Busisi, lililopewa jina la hayati Rais John Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, na safari iliyoweza kumweka msafiri kwenye foleni kwa muda wa saa mbili ikawa ya dakika chache tu. Limegharimu zaidi ya shilingi bilioni 700, nazo ni fedha zetu wenyewe Watanzania. Twalisifu daraja hilo kwa moyo mmoja. Kila aliyewahi kumpeleka mgonjwa hospitali ya Bugando, akaketi naye Busisi huku akiyatazama maji, anajua thamani yake kuliko mwandishi wa gazeti.

Lakini yafaa sisi tukaao Mwanza tujiulize jambo moja mapema, kabla vigelegele havijaisha. Lori litokalo Geita likishavuka daraja hufika Usagara, na hapo Usagara pana njia panda. Likikata kushoto laja Mwanza. Likikata kulia laenda Shinyanga na huko mbele, wala halina haja ya kuuona mji wetu. Je, ni kitu gani kitakachomfanya dereva yule akate kushoto? Hilo ndilo swali la maendeleo ya Mwanza leo, na jibu lake halimo katika zege la daraja.

Si mara ya kwanza kwa mji huu kufunguliwa njia. Wajerumani walipoweka boma lao hapa mwaka 1892 walitaka bandari ya ziwa. Waingereza wakaleta reli kutoka Tabora, ikafika Mwanza mwaka 1928, na pamba ya Usukuma ikapata njia ya kwenda pwani. Mji ulikua, hatukatai. Lakini mkulima aliyeleta pamba yake alikuta mizani ya mnunuzi, bei ya mnunuzi na kinu cha mnunuzi. Njia ilikuwa pana, na faida ilipita juu yake kama abiria asiyeteremka.

Hali hiyo haikubadilishwa na njia nyingine mpya. Ilibadilishwa na watu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima, wakiongozwa na kina Paul Bomani, waliweka wapimaji wao wenyewe kwenye vituo vya kununulia pamba ili kuhakikisha kwamba ratili ya Mwafrika ni sawa na ratili ya mtu mwingine. Jambo dogo sana kulitazama: kijana mmoja na mizani yake chini ya mti. Kutokana na mizani hiyo vikazaliwa vyama vya msingi, na kutokana na vyama vya msingi likazaliwa mwaka 1955 shirikisho la Victoria Federation of Co-operative Unions, ambalo lilichukua ununuzi wa pamba, likajipatia vinu vyake, na likawa mojawapo ya mashirika makubwa kabisa ya ushirika katika Afrika. Nao walifanya hayo katika miaka ambayo TANU yenyewe ilikuwa imepigwa marufuku Usukuma, tangu 1954 hadi 1958. Serikali ya kikoloni ilifunga ofisi ya chama. Haikuweza kuifunga mizani.

Tukisema hayo, lazima tuseme na upande wa pili, maana gazeti la wafanya kazi halina ruhusa ya kuwapendezesha wasomaji wake kwa nusu ya habari. Ushirika ule ulipokuwa mkubwa uliingiwa na wakubwa. Mkulima aliyeujenga alianza kuuona mbali naye, malalamiko yakazidi, Serikali ikauchunguza na kuusimamia, na mwaka 1968 ukaundwa upya kwa jina la Nyanza. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa kabisa nchini, na viliporudishwa katika miaka ya 1980 vilirudi na madeni mengi na imani kidogo. Kiwanda cha nguo cha Mwatex, kilichoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1960 ili pamba ya hapa ifumwe hapa, kiliajiri watu kwa maelfu, kisha kikadhoofika na kuuzwa. Wazee wa Nyakato wanakumbuka king'ora chake kilivyokuwa kikiwaamsha. Basi shauri halikuwa kwamba watu hawakuweza. Shauri ni kwamba walinyang'anywa hesabu, kwanza na mabwana wa nje, baadaye na mabwana wa ndani.

Baada ya pamba akaja sangara. Samaki huyu alipandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, na kufikia miaka ya 1990 viwanda vya minofu vilikuwa vimejipanga ufukweni. Minofu ilikwenda Ulaya kwa ndege. Mfupa na kichwa vikabaki Mwanza, tukaviita mapanki, tukavikaanga na kuvila. Hatumcheki aliyekula mapanki, maana sisi pia tumeyala. Twasema tu kwamba mvuvi hakuwa na mizani yake. Nyavu alikopeshwa na tajiri, mashine ya mtumbwi alikopeshwa na tajiri, na bei akatajiwa na tajiri yule yule. Sasa sangara wamepungua, viwanda kadhaa vimefunga milango au vimepunguza watu, na biashara iliyopamba moto ni ya mabondo yaendayo China, ambayo bei yake yaipita nyama ya samaki mwenyewe. Mvuvi ajua hivyo. Lakini kujua bei si sawa na kuipanga.

Hivi sasa kazi kubwa zimekusanyika Mwanza kuliko wakati wowote. Licha ya daraja, iko meli ya MV Mwanza, iliyoteremshwa majini Februari 2023, yenye uwezo wa kuchukua abiria 1,200 na tani 400 za mizigo. Iko reli mpya ya kutoka Isaka, kilomita 341, ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 2021. Zote hizo ni njia. Nazo njia, kama ilivyokuwa mwaka 1928, hazina upendeleo: humhudumia aliye tayari. Kama wauza dagaa wa Mwaloni Kirumba, ambao mzigo wao hufika mpaka Kongo, hawatakuwa na chama chao cha kweli chenye ghala, mizani na hesabu inayosomwa hadharani, basi meli na reli zitawapa tajiri nafasi ya kununua kwa haraka zaidi. Lori litakata kulia pale Usagara, na sisi tutabaki kulipungia mkono.

Na watu wenyewe wanaishi wapi? Hesabu ya watu ya mwaka 1967 iliwakuta katika mji wa Mwanza watu wapatao 35,000. Ile ya 2022 iliwakuta 594,834 Nyamagana na 509,687 Ilemela, yaani zaidi ya milioni moja na laki moja kwa pamoja. Wengi wao wako juu ya mawe. Mgeni anayeteremka kituo cha mabasi huitazama milima ya Mabatini na Igogo akasema ni pazuri. Ni pazuri kwa kutazama. Mama anayepanda na ndoo kichwani kati ya majabali hana nafasi ya kutazama. Mfanya kazi wa bandarini, mpiga kasia, kuli wa sokoni, mlinzi wa duka, wote hao ndio wanaolala huko, kwa sababu kiwanja cha bondeni hakikupimwa kwa mfuko wao.

Choo juu ya mwamba hakichimbiki. Ndiyo maana mvua kubwa zikinyesha wako watu wanaotapisha vyoo vyao, uchafu ukashuka hadi Mto Mirongo, na Mirongo ukaupeleka ziwani, katika ziwa hilo hilo tunalovua na kunywa. Wa bondeni huwalaumu wa mlimani. Lakini wote wanakunywa bakuli moja.

Hata hivyo, mlimani ndiko kulikotoka habari njema kuliko zote, ingawa haikupigiwa ngoma. Mamlaka ya maji ya Mwanza, kwa fedha zilizokopwa Ulaya, ilipitisha mabomba membamba ya majitaka juu ya majabali katika baadhi ya mitaa, yakiteremka mpaka bomba kuu liendalo mabwawa ya Butuja. Bomba la namna hiyo haliwezi kupita bila jirani kumkubalia jirani kwamba lipite mlangoni pake. Watu wakakaa, wakabishana, wakakubaliana. Hiyo ndiyo mizani chini ya mti iliyorudi kwa sura nyingine: fedha ya umma upande mmoja, na wananchi wanaosimamia upande wa pili.

Tunawaomba madiwani wa Nyamagana na Ilemela watuambie waziwazi katika vikao vyao ni mitaa mingapi ya mlimani ambayo bado haijafikiwa na mabomba hayo, na ni kiasi gani kimetengwa kwa kazi hiyo mwaka huu. Tunawaomba maofisa wa ushirika waende Mwaloni wenyewe, alfajiri, saa za mzigo, wasingoje wauza dagaa wawafuate ofisini.

Na wako akina mama wa Kigongo na Busisi waliokuwa wakiwauzia abiria wa kivuko samaki wa kukaanga na mahindi ya kuchoma. Kwao ile foleni ya saa mbili ilikuwa duka. Daraja limelifunga duka hilo kwa siku moja. Gharama ya kuwajengea kibanda cha soko pale Usagara, penye njia panda, ni ndogo mno mbele ya bilioni 700, na madereva wakatao kushoto na wakatao kulia wote wana njaa.