Mizani za Ushairi na Saa za Gari

Aghalabu sisi wanafunzi wa Kiswahili hupita Thika na Ruiru tukielekea chuoni, tusikumbuke kwamba Thika pana kiwanda cha kuunganisha magari, Kenya Vehicle Manufacturers, na kwamba Ruiru imesheheni gereji. Huko lugha yetu ina kazi ambayo haijatenda.

Majuzi, katika gereji moja ya Ruiru, mwanagenzi alimuuliza fundi vipi kompyuta ya injini na ile ya breki huelewana kwa jozi moja tu ya nyaya. Fundi alimjibu kwa Kiingereza cha vitabu. Kijana akatikisa kichwa kana kwamba ameelewa.

Jambo lenyewe halina uchawi. Mtindo huo, uitwao CAN, ulitangazwa na kampuni ya Bosch ya Ujerumani mwaka wa 1986. Hakuna waya unaobeba saa ya pamoja; kila kompyuta ina saa yake. Katika kasi ya biti 500,000 kwa sekunde, biti moja hudumu mikrosekunde 2. Muda huo hugawanywa katika vipande sawa, kati ya 8 na 25, na biti husomwa mwishoni mwa kipande kilichoteuliwa. Ujumbe uanzapo, wapokeaji wote hulinganisha saa zao. Kisha kila 1 igeukapo 0, hujirekebisha kidogo. Biti 5 zikifuatana bila kubadilika, mtumaji huchomeka moja iliyo kinyume, ili mabadiliko yasikosekane.

Je, si sisi tuliofunzwa kuhesabu mizani 8 za ukwapi na 8 za utao? Napendekeza kipande hicho kiitwe mizani, na kule kulinganisha saa kuitwe ulandanishi. Watakaodai kuwa mizani ni mali ya ushairi wakumbuke kwamba ushairi wenyewe uliliazima neno hilo sokoni.

Katiba ya mwaka wa 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi nchini, lakini urasmi usiofika gerejini una kasoro. Shairi likipotoka mizani, msomaji hukunja uso. Saa za gari zikipotoka, ujumbe wa breki husomwa visivyo. Hatuna budi kutoka maktabani, tuwasikilize mafundi kwanza, kwani huenda wana maneno bora kuliko haya yangu. Penye wengi pana mengi.