Damu moja, jukwaa moja: nani kasema ni mchezo?

Vuta kiti, kijiwe kimeanza. Wiki hii tupo Kaloleni, Arusha, mtaa uliopakana na Uwanja wa Sheikh Amri Abeid. Ni Kaloleni hii hii, Januari 1967, Halmashauri Kuu ya TANU ilipokaa kwenye ukumbi wa ustawi wa jamii na kupitisha Azimio la Arusha. Ukumbi wenyewe siku hizi ni makumbusho. Lakini tulia, leo siasa tunaiweka kando. Leo ni muziki, tena muziki wa ndugu: kaka na kaka, kaka na dada, mapacha, watoto wa nyumba moja walioamua kula kwa sauti zao.

Kwa nini Kaloleni? Pita huku jioni yoyote. Hutakosa chalii na mdogo wake wamekaa ukutani, simu moja inapiga biti, wanabishana nani aanze ubeti. Jina la kundi wanalo, mikao ya picha wanayo, hata saini za kuwapa mashabiki wameshazifanyia mazoezi. Bado mashabiki tu! Hao ndio ninaotaka kuongea nao leo, kwa sababu mashabiki wakija watakuja na maswali yao, na maswali yenyewe ni yale yale kila siku. Mlikua vipi? Nani mkali kati yenu? Mkitoka jukwaani mnapenda nini? Mnagombana?

Unaweza kuyaona maswali ya kitoto. Ngoja uone.

MLIKUA VIPI?

Hapa ndugu wanawapiga bao wengine wote. Wanamuziki wawili waliokutana ukubwani wanahitaji miezi kadhaa kujuana: huyu anavuta pumzi wapi, yule anachelewa wapi. Ndugu wameshamaliza somo hilo chumbani, usiku, mama anawapigia kelele walale. Wamesikia redio moja, wameimba kwaya moja au kaswida moja, wanatamka maneno kwa namna moja. Hata makoo yenyewe yanafanana. Waliowahi kuwasikia mapacha Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa wakiwa na Tancut Almasi ya Iringa miaka ya 80 wanajua nasema nini. Sauti zinaingiana kama mkono na mfuko.

Arusha nayo ina historia yake, ingawa vijana wengi wa leo hawaijui. Wilson Peter Kinyonga na George Peter Kinyonga walikuwa watoto wa Tanga. Mwaka 1966 waliingia Jamhuri Jazz, bendi iliyotingisha Tanga enzi hizo. Mwaka 1970 wakahamia Arusha, wakaungana na ndugu yao wa tatu, William, wakaunda Arusha Jazz. Bendi moja, kina Kinyonga watatu!

Arusha haikuwakalisha sana. Zamani hizo bendi ya Tanzania ilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, wimbo ukasikika hewani, basi. Kiwanda cha kutengeneza santuri hatukuwa nacho. Ukitaka sahani yako izunguke kwenye gramafoni za watu, ulipaswa kutazama Kenya. Kwa hiyo mwaka 1971 kina Kinyonga wakavuka mpaka, wakaanzia Mombasa, na huko likazaliwa jina ambalo baba yako analijua vizuri: Simba Wanyika. Katikati ya miaka ya 70 wakahamia Nairobi. Kumbe magitaa yale matamu yaliyowachezesha wazee wetu yalipita hapa kwetu kwanza!

NANI MKALI?

Hili ni swali la sumu, ila shabiki haliachi. Anataka kujua nani anaandika, nani anaimba zaidi, nani mzuri wa sura. Kwa wanamuziki wa kawaida ni utani tu. Kwa ndugu ni kidonda cha tangu utotoni, pale shangazi alipokuja na zawadi moja akampa yule anayejua kucheza.

Wamarekani wamelionja hili. Kina Jackson wa mji wa Gary, Indiana, walisimamiwa na baba yao, Joe, mzee asiyecheka na mtu. Watano hao wakaingia Motown mwaka 1969 na nyimbo zao zikashika dunia. Mwaka 1975 ndugu wakaamua kuhama kampuni. Jermaine akabaki. Alikuwa ameoa binti wa Berry Gordy, mwenye Motown. Hebu jiweke kwenye viatu vyake: upande huu kaka na wadogo zako, upande ule mkwe wako ambaye pia ndiye bosi wako. Jermaine hakuacha kuwa Jackson kwa sababu hiyo, na mwaka 1984 alikuwa nao tena kwenye albamu ya Victory. Lakini katikati hapo ilipita karibu miaka 10.

Waingereza nao wana Liam na Noel Gallagher wa Oasis. Agosti 2009 waligombana nyuma ya jukwaa mjini Paris, bendi ikafa usiku ule ule. Walikuja kusimama pamoja tena mwaka 2025. Miaka 16, jamani! Mtoto aliyezaliwa siku ya ugomvi alikuwa keshaingia sekondari.

Kwa hiyo, chalii wangu wa ukutani, usijidanganye kwamba damu ni gundi. Damu inaunganisha, ndiyo, lakini pia inajua mahali pa kuchoma. Mwenzako wa kawaida akikuudhi unamwambia kwaheri. Ndugu yako akikuudhi, mnakutana naye Krismasi au Idi, mezani, mbele ya mama.

HOBI YENU NI NINI?

Sasa tufike kwenye swali ambalo watu hulicheka. "Hobi zenu ni zipi?" Ni swali la kujaza nafasi, sivyo? Sivyo kabisa. Kwangu mimi hili ndilo swali kubwa kuliko yote.

Fikiria. Tangu mkiwa wadogo mmeitwa kwa pamoja. "Watoto wa mzee fulani." "Wale ndugu wanaoimba." Mnavaa sare, mnapiga picha pamoja, mnajibu salamu pamoja. Ghafla shabiki mmoja anamgeukia mmoja wenu na kumwuliza: wewe peke yako unapenda nini? Huenda ndiyo mara ya kwanza mtu yeyote amemwuliza. Mmoja anasema mpira. Mwingine anasema kusoma. Wa tatu anasema kushona nguo. Hapo umeshaona mlango ambao kila mmoja anaweza kutokea siku moja.

Na watatokea. Swali ni kama mlango utakuwa wazi au utavunjwa.

Rudi kwa kina Kinyonga. Mwaka 1978 Simba Wanyika ilipata pigo la kwanza. Mpiga gitaa la rithimu Omar Shabani na wenzake walitoka wakaunda Les Wanyika, hao wa "Sina Makosa". Walitoka wasio ndugu, ndugu wakabaki. Ungefikiri funzo limeisha hapo. Wapi! Mwaka 1980 akatoka George mwenyewe, akaanzisha Orchestra Jobiso.

Kwa zama zile, kutoka ilikuwa kazi kweli kweli. Bendi ilikuwa ni magitaa, ngoma, vipaza sauti na ukumbi wa kupigia. Hukuweza kuwa nusu ndani, nusu nje. Ukitaka kuimba la kwako uliunda bendi nyingine nzima, tena ikashindana na ya ndugu yako kwa mashabiki wale wale.

Lakini George alirudi. Aliporudi, kazi ikaendelea. Simba Wanyika ilipeleka muziki wake hadi Ulaya, na albamu yao Pepea ikatoka huko mwaka 1992. Mwaka huo huo George akafariki. Wilson akamfuata mwaka 1995, na Simba Wanyika ikaishia hapo. Piga hesabu mwenyewe ndugu hao wangepoteza nini kama yule aliyetoka angekuta mlango umepigwa komeo.

Sasa tuje kwa kizazi chetu. Arusha ilitupa X Plastaz mwaka 1996, kundi lililochanganya hip hop na uimbaji wa Kimaasai na kutoa albamu ya Maasai Hip Hop mwaka 2004. Kundi lile liliendeshwa kifamilia hasa, wadogo Steve na Dineh wakishika kipaza sauti wangali watoto. Mwaka 2006 wakampoteza Faza Nelly, mmoja wa nguzo zake. Hata hivyo, mwaka 2009 Gsan alisimama na wakali kama KRS-One kwenye tuzo za hip hop za BET kule Marekani na kuchana kwa Kiswahili. Chuga ilipiga kelele!

Halafu wapo Joh Makini na Nikki wa Pili. Hawa ni ndugu wa damu, na wote walikuwa kwenye Weusi, pamoja na G Nako, Lord Eyez na Bonta. Angalia walivyojipanga. Joh ana nyimbo zake. Nikki ana zake. Wakitaka wanakutana kwenye wimbo mmoja, kama "Nje ya Box", na mwamvuli wa Weusi unawafunika wote. Hakuna aliyelazimika kuvunja nyumba ili apate chumba.

Matunda yake tuliyaona Juni 2021. Nikki, msomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliteuliwa kuwa Mkuu wa Wilaya ya Kisarawe. Mmoja ofisini, mwingine studio, na undugu haukuhitaji mazishi. Yule kijana aliyejibu kwamba hobi yake ni vitabu alikuwa anasema kweli!

MNAGOMBANA?

Ndugu wote hugombana, msidanganye mashabiki. La muhimu ni mnagombania nini. Kugombania shati au nani kamaliza maji ya kuoga hakuui kundi. Kinachoua ni pesa ambayo haikuzungumzwa. Kaka mkubwa anashika malipo ya shoo "kwa niaba ya familia", mdogo anaona aibu kuuliza kwa sababu ni kaka yake. Heshima inageuka kimya, kimya kinageuka chuki. Siku chuki ikitoka, mama ndiye anayelia, mashabiki wanahamia kwa msanii mwingine.

Kwa hiyo nyie wa ukutani, fanyeni mambo matatu kabla ya shoo ya kwanza, mkiwa bado mnacheka pamoja.

Moja, andikeni nani kaandika nini. Tangu mwaka 1999 tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, na COSOTA ilianzishwa kwa kazi hiyo. Wimbo mliotunga wawili usajiliwe kwa majina mawili. Kufanya hivyo si kumdharau kaka yako. Ni kumlinda asije akasingiziwa kesho.

Mbili, pesa ihesabiwe mbele ya wote, hata kama ni ya nauli na sahani ya chipsi tu. Anayezoea kuhesabu elfu 20 kwa uwazi hatapata tabu ikifika milioni 2.

Tatu, na hili ndilo gumu, ambianeni wazi: siku ukitaka kuimba peke yako, au kusoma, au kufungua saluni, nenda, na mlango huu hautafungwa. Semeni mapema. Ukimwambia mtu maneno hayo siku anapofunga mabegi, hatayaamini.

Na wewe shabiki, una kazi pia. Ukikutana na ndugu wanaoimba, acha kuwapambanisha. Usiulize nani mkali. Waulize mmoja mmoja wanapenda nini, kisha sikiliza jibu hadi mwisho. Bendi huzaliwa na kufa, jamani, lakini kaka hapatikani dukani.

Nafasi imeisha, mhariri ananikazia macho. Tukutane wiki ijayo panapo majaaliwa. Tchao!