Rada tumepata, sasa tupate ujasiri wa kusema

Mfanyabiashara wa Mwanjelwa anayewahi kikao cha benki Dar es Salaam, na mnunuzi wa mbao anayetoka pwani kwenda Mafinga, wana swali moja wanalouliza asubuhi ya ukungu: je, ndege itatua? Tangu Kiwanja cha Songwe kilipofunguliwa Desemba 2012 na kuchukua nafasi ya kile cha zamani kilichokuwa ndani ya jiji la Mbeya, si mara moja wala mbili ndege zimefika juu yake, zikazunguka, kisha zikarudi zilikotoka na abiria wake. Aliyekuwa na miadi ameikosa, na aliyekuwa na fedha za kununulia mpunga wa Kyela amemkuta mwenzake ameshanunua. Siku ya soko ikipita, imepita.

Ni haki yetu kunung'unika. Lakini safu hii inaona kuwa mara nyingi tunanung'unikia jambo lisilohusika. Rubani aliyegeuza ndege katika ukungu hakutupa hasara, ametulindia mtaji mkubwa kuliko wote, yaani uhai. Tunachopaswa kuogopa ni siku ambayo mtu fulani ataona kasoro, awe rubani, fundi au muongoza ndege katika mnara, akanyamaza kwa kuhofia kibarua chake.

Tuanze na vifaa, maana vina historia. Mwaka 2002 nchi yetu ilifungiwa rada na kampuni ya BAE Systems ya Uingereza kwa Pauni milioni 28, bei iliyozua kelele hapa na huko kwao. Desemba 2010 kampuni hiyo ilikiri mahakamani kosa la kutotunza vizuri hesabu za biashara hiyo, na baadaye ikailipa Tanzania Pauni milioni 29.5 ambazo zilielekezwa katika elimu. Wananchi waliziita "chenji ya rada". Mwaka 2018 ukaanza mradi wa rada nne mpya kutoka kampuni ya Thales ya Ufaransa, kwa ajili ya Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe. Kwa hiyo Nyanda za Juu Kusini hatuwezi tena kusema tumesahaulika. Nduli nako, kwa upande wa Iringa, kumefanyiwa ukarabati mkubwa.

Yote hayo ni mema. Hata hivyo, rada humwonyesha muongoza ndege ndege iliko. Haiwezi kumwonyesha mkuu wake kwamba muongoza ndege huyo amechoka, kwamba simu ya mnara hukatikakatika, au kwamba jana ndege mbili zilikaribiana kuliko inavyoruhusiwa na hakuna aliyeandika.

Miaka mingi iliyopita mwandishi wa safu hii alikuwa karani wa ghala moja la nafaka mkoani Iringa. Kijana wa mizani aligundua kwamba mizani imepotoka, inapunja kilo kadhaa kwa kila gunia. Akaenda kwa meneja kusema. Meneja hakuuliza mizani imeharibika lini. Aliuliza ni nani aliyeiharibu, kisha akamkata kijana yule mshahara. Msimu uliofuata mizani iliharibika tena. Sote tulijua, kuanzia wapagazi hadi mlinzi. Hakuna aliyefungua mdomo, mpaka wakulima walipokwenda na mahindi yao kwa mnunuzi mwingine. Ghala lile lilikufa, na mizani peke yake haikuliua.

Katika usafiri wa anga jambo hilo lina jina: utamaduni wa usalama. Maana yake ni namna watu wanavyofanya kazi wakati mkubwa hayupo, na namna mkubwa anavyopokea habari mbaya zinapomfikia.

Mfano unaofundishwa duniani kote ni wa usiku wa tarehe 1 Julai 2002. Ndege ya abiria ya Urusi na ndege ya mizigo ya DHL ziligongana juu ya mji wa Überlingen, Ujerumani, katika anga iliyokuwa ikiongozwa kutoka Zurich na kampuni ya Uswisi iitwayo Skyguide. Watu 71 walikufa, wengi wao watoto wa shule. Usiku ule waongoza ndege walikuwa wawili, lakini mmoja alikuwa amekwenda kupumzika. Aliyebaki alisimamia vituo viwili peke yake, huku mafundi wakifanya matengenezo ya mitambo na simu kuu ikiwa imezimwa. Wachunguzi walibaini kwamba desturi ya mmoja kupumzika usiku ilikuwa ya miaka mingi, na uongozi uliijua na kuivumilia.

Mwaka 2004 baba aliyepoteza familia yake katika ajali ile alimuua muongoza ndege yule. Mwaka 2007 mahakama ya Uswisi iliwatia hatiani mameneja wanne wa kampuni hiyo. Msomaji atazame mpangilio wa mambo hayo: lawama ilimwangukia kwanza mtu wa chini, na miaka mitatu ikapita kabla haijawafikia waliopanga zamu. Uswisi si nchi maskini, na mitambo ya Zurich ilikuwa bora kuliko yetu. Kilichopungua pale ni mtu wa kusema "utaratibu huu ni hatari" na mtu wa kumsikiliza.

Tusidhani hayo ni ya Ulaya tu. Tarehe 5 Machi 2024, jirani zetu wa Nairobi waliona ndege ya abiria ya Safarilink ikigongana na ndege ndogo ya mafunzo muda mfupi baada ya kuruka kutoka Wilson. Wawili waliokuwa katika ile ndogo walikufa. Ile kubwa ilirudi salama. Nasi hatujasahau tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air ilipoanguka Ziwa Victoria ikikaribia Bukoba. Watu 19 walifariki na 24 wakaokolewa, na wavuvi ndio waliotangulia kufika. Kila ajali ina sababu zake, na safu hii haikusudii kuzichanganya katika kapu moja. Hoja ni kwamba ajali hutanguliwa na dalili, na dalili huonwa na watu wa kazi kabla ya kuonwa na wakubwa.

Sasa tuje kwenye mfuko. Precision Air imeorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam tangu Desemba 2011. Swissport Tanzania, inayohudumia ndege na mizigo uwanjani, ilitangulia mwaka 2003. Wapo wasomaji wa Mbeya na Iringa wenye hisa za makampuni hayo. Mwenye hisa husoma mizania, akatazama mapato, madeni na bei ya mafuta. Lakini usalama wa anga hauandikwi katika mizania hadi siku unapokosekana, na siku hiyo huingia kwa mkupuo: bima, fidia, abiria kupungua.

Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliiweka Air Tanzania katika orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa kuruka katika anga yake. Juni 2025 ukayaongeza mashirika yote yaliyopewa cheti Tanzania. Sababu iliyotajwa ilikuwa udhaifu wa usimamizi unaofanywa na mamlaka ya nchi. Uamuzi huo ulihusu mashirika ya ndege, haukuhusu minara yetu. Lakini mnunuzi wa parachichi wa Ulaya anayetaka kuja kuona mashamba ya Rungwe hatafanya uchambuzi huo. Ataona jina la Tanzania katika orodha, na ataiuliza kampuni yake ya bima.

Hapa ndipo swali gumu linapokuja. Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, iliyoanza mwaka 2003, ndiyo inayotunga na kusimamia kanuni za usalama. Mamlaka hiyo hiyo ndiyo inayoajiri waongoza ndege na kutoa huduma ya kuongoza ndege. Kwa lugha ya mpira, mwamuzi ana timu uwanjani. Hatusemi kwamba anapendelea. Tunasema kwamba hata akiwa mwaminifu, filimbi ni nzito anapolazimika kuipuliza dhidi ya nyumba yake mwenyewe.

Afrika Kusini walitenganisha kazi hizo zamani. Kampuni yao ya kuongoza ndege, ATNS, iliundwa mwaka 1993. Mwaka 2024 msimamizi wa usalama wa huko alisimamisha mamia ya taratibu za kutua na kuruka kwa kuwa ATNS haikuzihuisha kwa wakati. Safari zikachelewa na nyingine kufutwa hali ya hewa ilipokuwa mbaya, na wafanyabiashara wakapata hasara. Funzo lina pande mbili. Kutenganisha hakukuzuia uzembe, kama ambavyo hakukuiokoa Skyguide. Lakini kulikuwa na mtu wa nje wa kusema "simameni", naye alisema kabla watu hawajafa.

Wapo watakaopinga kwamba kutomwadhibu mtu aliyekosea ni kulea uzembe. Hoja hiyo ina uzito. Anayeingia zamu amelewa, au anayevunja kanuni kwa makusudi, aadhibiwe. Lakini aliyekosea kwa uchovu, kwa maelekezo yenye utata au kwa kifaa kibovu, akaja mwenyewe kusema, huyo ametupa habari yenye thamani kuliko adhabu yake. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, limeweka tangu 2013 kanuni maalumu za uendeshaji wa usalama, na ulinzi wa taarifa za namna hiyo ni sehemu yake. Uchunguzi wa ajali nao, kwa kanuni za shirika hilo, lengo lake ni kuzuia ajali nyingine, si kutafuta wa kulaumiwa.

Wafanyabiashara wa Nyanda za Juu Kusini tufanye nini? Kwanza, tunapoomba safari za usiku au saa zaidi za kazi Songwe na Nduli, tuulize papo hapo watu wa zamu watakuwa wangapi na watapumzika lini. Taa bila watu wa kutosha ni kuihamishia Zurich ya 2002 kwetu. Pili, vyama vyetu vya wafanyabiashara viombe kikao cha kila mwaka na TCAA, Mamlaka ya Viwanja vya Ndege na Mamlaka ya Hali ya Hewa, ambapo zitatajwa hadharani safari zilizogeuzwa, mitambo iliyosimama na kwa siku ngapi, na taarifa za hatari zilizopokelewa kutoka kwa wafanyakazi. Tatu, wabunge wetu walifikishe bungeni suala la kutenganisha mwamuzi na mchezaji.

Kuhusu taarifa hizo kuna jambo la kuangalia kwa makini. Mwaka ambao taarifa za hatari zimeongezeka usitutishe. Huenda ndio mwaka watu wameanza kusema. Wa kutisha ni mwaka ambao kitabu cha taarifa kitakuwa cheupe, kama daftari la mizani katika lile ghala la Iringa.

Tozo zinazokatwa katika tiketi tunalipa sisi. Mteja anayelipa ana haki ya kuuliza mizani ikoje. Na ndege ikigeuka wiki ijayo kwa sababu ya ukungu, tumshukuru rubani, kisha tupange upya miadi yetu.