Kuhara damu si amiba kila mara: picha ya nuklia iko mbali na Bukavu, lakini njia ya kujua ugonjwa ipo

Ibanda, Kadutu ao Bagira, kila mutu anajua jambo hili: mugonjwa anahara damu wiki nyingi, anaambiwa ni amiba, anakunywa Flagyl, anapata nafuu kidogo, kisha inarudi. Mara ya tatu anaambiwa ni tifoide. Mara ya ine familia inaanza kusema kama amerogwa.

Mara nyingi kweli ni amiba ao mikrobe ingine. Lakini kuko magonjwa mawili yenye watu wengi hawajasikia majina yake: ugonjwa wa Crohn na kolitisi ya vidonda. Hapo si mikrobe inayotafuna matumbo. Ni kinga ya mwili yenyewe inayoyashambulia, yanavimba na kutoka vidonda. Hayo magonjwa hayaponi kabisa, lakini dawa zinaweza kuyatuliza.

Hatari iko kwenye kukosea. Dawa za kutuliza kinga, kama vile kortizoni, zinasaidia mutu wa Crohn. Lakini kifua kikuu cha matumbo kinafanana sana na Crohn, na amiba inafanana na kolitisi. Mwenye kifua kikuu ao amiba akipewa kortizoni peke yake, ugonjwa unapata nguvu na anaweza kufa. Ndiyo maana waganga wanatafuta uhakika mbele ya kuanza dawa.

Kwa nchi zenye vifaa, picha ya nuklia ni moja ya njia za kusaidia. Wanatoa damu ya mugonjwa, wanatenga chembe nyeupe, wanazitia alama kwa teknesiamu-99m, kisha wanazirudisha kwenye mushipa. Chembe hizo ni askari wa mwili: zinakimbilia fasi yenye kuvimba. Kisha masaa machache, kamera ya gama inaonyesha zimekusanyika wapi, hata kwenye utumbo mudogo wenye kamera ya kawaida haifike vizuri. Mionzi yake ni kidogo, lakini mama mwenye mimba ao anayenyonyesha lazima aseme mbele.

Bukavu haina kamera hiyo. Kwa ukanda huu, huduma za nuklia zinapatikana Kampala kwenye hospitali ya Mulago, Dar es Salaam kwenye taasisi ya Ocean Road, na Nairobi. Na kununua mashini peke yake hakutoshi. Nguvu ya teknesiamu inapungua nusu kila masaa 6. Kisha siku moja inabaki sehemu 1 juu ya 16. Chombo kinachoizalisha nacho kinachoka, kinaomba kubadilishwa karibu kila wiki, na kinasafiri kwa ndege. Februari 2025 M23 iliteka uwanja wa Kavumu na kisha muji, na safari za ndege zikakatika. Inaomba pia umeme usiokatika na wafundi waliosomea kazi hiyo.

Inauma zaidi ukikumbuka historia. Uraniamu ya Shinkolobwe, Katanga, ndiyo ilitumika kwa bomu la Hiroshima mwaka wa 1945. Mwaka wa 1959 Kinshasa ikapata reakta ya kwanza ya nuklia katika Afrika. Lakini mugonjwa wa Kivu hajaona faida yake.

Hata hivyo, asikate tamaa. Hata Ulaya, picha ya nuklia si kipimo cha kwanza. Cha kwanza ni kupima choo na damu, kisha kolonoskopi: kamera inapitishwa njia ya haja kubwa, muganga anakata kipande kidogo, labo inakichunguza. Hiyo ni rahisi kuipata kuliko kamera ya gama.

Mwenye kuhara damu zaidi ya wiki ine, kukonda, ao kuamka usiku sababu ya tumbo, asinunue Flagyl tena kwa farmasi. Aende hospitali na karatasi zote za vipimo vya zamani, na aulize swali moja: «Muganga, na kama si amiba?»