Mwembe Ulioziba Bango

Miembe mikubwa ya Tabora haikujiotea. Asili ya mwembe ni Bara Hindi. Ulifika pwani ya Afrika Mashariki kwa majahazi, kisha ukaingia bara kwa miguu, kwenye njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Kilimatinde, ikapumzika Unyanyembe, eneo la Tabora, na kuishia Ujiji kando ya Ziwa Tanganyika. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliojenga matembe Tabora na Kwihara katika karne ya 19 walipanda miembe karibu na nyumba zao. Masimulizi ya wenyeji huongeza kokwa zilizotupwa njiani na wapagazi na watumwa. Safu hii inayapa masimulizi hayo uzito uleule, kwa kuwa wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, wenyeji wa hapa, na kokwa haidaiwi hati ya kiwanja ili iote.

Faida ya mti huu hujulikana zaidi kiangazi. Mvua Tabora huanza Novemba na kukoma Aprili au mapema Mei. Katika miezi inayobaki miombo mingi hupukutisha majani, lakini mwembe hubaki kijani. Chini yake hukaa kijiwe cha bodaboda, fundi baiskeli na pampu yake, na mama mwenye sinia la michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa. David Livingstone, aliyekaa Kwihara miezi kadhaa mwaka 1872 akingoja wapagazi, alikuwa na shida ileile ya jua aliyonayo mwendesha bodaboda wa leo.

Wiki hii mwembe mmoja wa aina hiyo umekatwa mjini, mbele ya ofisi ambayo haitajwi hapa ila yenyewe inajijua. Sababu zilizotolewa ni mbili: majani yalichafua uwanja, na matawi yaliziba bango. Ifahamike kwamba hakuna mtu aliyewahi kuifikia ofisi hiyo kwa kusoma bango. Abiria humwambia dereva, "Nishushe pale mwembeni," naye humshusha. Kazi ilianza asubuhi kwa mapanga na msumeno wa mashine. Saa sita waendesha bodaboda walikuwa wamesogeza pikipiki ukutani. Saa nane kivuli cha ukuta nacho kilikuwa hakitoshi, wakatawanyika. Mama wa michembe alijifunika kanga kichwani, akaendelea kuuza mpaka michembe ikaisha, kisha akaondoka na sinia lake. Magogo yalipakiwa kwenye toroli kwenda kuchoma matofali. Bango sasa linaonekana vizuri sana. Halina mtu wa kulisoma.

Siku mbili baadaye, 5 Juni, ofisi hiyohiyo iliadhimisha Siku ya Mazingira Duniani kwa kupanda miti. Mgeni rasmi, ambaye wasomaji wa safu hii wanamfahamu vya kutosha, alifika kwa saa zake. Fulana zilikwishagawiwa, na maji ya chupa za plastiki yalikuwa mezani, katika nchi iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 1 Juni 2019. Shimo lilikuwa limechimbwa na mtu mwingine, udongo umelainishwa na mtu mwingine. Mgeni rasmi alishika mche, akautumbukiza, akafukia kwa koleo jipya lenye utepe, akamwagilia kikombe kimoja, na kamera zikafanya kazi yake. Mche ulikuwa bado ndani ya kiriba. Ukingo wa nailoni nyeusi ulichungulia juu ya udongo, na bwana miti aliyesimama nyuma alitazama pembeni kama mtu aliyesikia simu yake ikilia.

Mzizi uliofungiwa kwenye kiriba huzunguka humo ndani mpaka ujinyonge. Hata ukivuliwa, mche wa Juni Tabora una miezi mitano bila mvua mbele yake. Maadhimisho ya aina hii hufanyika kwa sababu kalenda ya dunia imesema, wala si kwa sababu ardhi ya Unyamwezi imeulizwa.

Ardhi hiyo ina watu wanaoijua. Mrina asali wa Sikonge au Urambo anaujua mtundu na myombo kwa maua yake, anajua mti upi nyuki huupenda na tawi lipi litabeba mzinga. Usiku hupanda na kienge cha moshi, hurina masega, na huacha mengine ili kundi lisihame. Asiinuliwe akawa malaika. Mzinga wa gome hutengenezwa kwa kuvua gome la mti mzima kama soksi, na mti uliovuliwa hivyo hufa. Ndiyo maana mizinga ya mbao inahimizwa, na inafaa kuhimizwa. Hata hivyo msitu wake upo, kwa kuwa msitu ukiisha asali nayo imekwisha. Mwenye tumbaku hana kizuizi hicho: mabani ya kukaushia tumbaku ya mvuke hula kuni, msitu ukisogea mbali lori huufuata. Huyo naye hupewa miche ya kupanda kila mwaka, na kwenye karatasi miche yote huwa hai.

Anayeipenda nchi kwa kuila hulinda anachokula, na anayeipenda kwa hotuba hukata mwembe Jumanne na kupanda picha Alhamisi. Hiyo ndiyo tofauti yote, na haihitaji warsha wala posho ya kikao. Tangu 2006 njia ile iliyoleta miembe, njia kuu ya misafara ya watumwa na pembe za ndovu, imo katika orodha ya awali ya Tanzania ya urithi wa dunia wa UNESCO. Wageni wataendelea kuja kuifuata. Wataonyeshwa tembe la Kwihara, kisha watauliza miembe iko wapi, na mtu wa ofisi atawapeleka kwenye bango.

Kwa anayetaka kupanda mti Tabora kwa dhati: asubiri mvua ishike, achimbe shimo mwenyewe, avue kiriba, azungushie miiba mbuzi wasifike, abebe ndoo kiangazi kizima cha mwaka unaofuata, na mgeni rasmi amwache ofisini.